Mngurumo wa Kabogo

Novemba 1871 msafara wa mwandishi wa habari Henry Morton Stanley ulikuwa umebakiza mwendo mfupi kufika mji wa Ujiji uliposikia mngurumo kama wa radi upande wa magharibi. Kiongozi wa njia akamweleza kwamba ile si radi, ni Kabogo: mlima mkubwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, wenye mashimo marefu ambamo maji huingia kwa kishindo kila upepo unapovuma. Vyombo vingi vimepotea pale, alisema. Ndiyo maana Waarabu na wenyeji hutupa majini vitambaa vya merikani na kaniki, na hasa ushanga mweupe, ili kumridhisha mungu wa ziwa.

Maelezo yale yanastahili heshima zaidi ya ile yaliyopewa. Ndani yake mna mwamba wenye mapango, mna upepo na wimbi, na mna onyo kwa mwenye chombo. Mapango yalikuwa na wenyewe, nao si binadamu. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyeondoka Ujiji kwa mitumbwi Machi 1874 akielekea kusini, alipita Rasi ya Kabogo iliyo upande wetu wa Tanzania (jina hilo lilitumika pande zote mbili za ziwa) na kuwaona waongozaji wake wakitoa sadaka kwa pepo na mkewe, waliosemekana kuishi hapo.

Anayesikia mngurumo huo anaweza kufikiria volkeno, lakini majabali ya mwambao wa Kigoma, ilipo Ujiji, hayakutapikwa nayo. Ni miamba mikongwe, iliyokuwapo muda mrefu kabla ya ziwa. Ziwa lilizaliwa ardhi ilipopasuka kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita kwa makadirio yanayotajwa zaidi, na kina chake kimefika mita 1,470. Volkeno zenyewe ziko mbali, Rungwe kusini na Virunga kaskazini. Lakini joto la chini liko jirani: kwenye Rasi ya Banza, upande wa Kongo, watafiti walikuta chemchemi za maji moto zikibubujika chini ya ziwa.

Tena volkeno hizo za mbali zimegusa historia ya Ujiji moja kwa moja. Lava ya Virunga iliziba njia ya maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini. Ziwa Kivu likajaa, likafurikia kusini kwa Mto Rusizi hadi Tanganyika. Wapelelezi Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walitamani mto huo uwe unatoka ziwani kwenda Nile. Walipofika Uvira, kaskazini mwa ziwa, wakaambiwa unaingia. Jibu hilo halikumaliza mabishano ya wasomi huko Ulaya, yakaendelea hadi mmisionari David Livingstone na Stanley, aliyekuja Ujiji kumtafuta, walipopanda mtumbwi kutoka huko, mwezi uleule wa Novemba 1871, wakaenda hadi mlangoni mwa Rusizi na kuyaona maji yakiingia. Watu wa Uvira walikuwa wamelisema hilo miaka 13 kabla, na jina la hata mmoja wao halisomwi shuleni.

Basi maji ya ziwa hutokea wapi? Wapo waliofikiri mapango ya Kabogo ndiyo njia, kwamba ziwa hujimwaga kupitia chini ya ardhi. Mei 1874 Cameron akaupata mlango wenyewe, Mto Lukuga, kwenye ufuko wa magharibi, ukiwa umesongwa na mimea. Stanley alipokwenda kuutazama mwaka 1876 hakukubali kwamba maji yanatoka. Ziwa likazidi kupanda, na mwaka 1878 kizuizi cha mlangoni kikavunjika. Maji yakakimbilia Mto Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka takriban mita 10.

Hivyo Ujiji ilisogezwa mbali na ziwa bila mtu kuhama. Mgeni anayesimama leo kwenye mnara wa Livingstone huuliza ziwa liko wapi, maana mahali ambapo wageni wa wakati ule waliteremka kutoka mitumbwini pana nyumba za watu na miti, na wavuvi wa dagaa huegesha mitumbwi yao kule chini, mwendo wa miguu kutoka hapo.