Kulipa ili upunguziwe

Jumapili usiku nilipigiwa simu na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Siku hizi yuko Ujerumani, ni mhandisi, na baada ya miaka mingi ya kudunduliza ameamua kununua Porsche 911 ya mtumba. Alikuwa amepata mbili, zote za mwaka 2006, na kilomita zinakaribiana. Moja ni fulu ekstra, kama tunavyosema huku kwetu: ngozi kila mahali, dirisha la paa, breki za kauri, na kijisaa cha mbio juu ya dashibodi. Nyingine ni kavu. Tofauti ya bei ni euro 6,000.

“Wewe ndiye uliyekuwa ukinisumbua na habari za Safari Rally tangu kidato cha pili,” akaniambia. “Nichukue ipi?”

Jamani, anayeulizwa hana hata bajaji! Lakini swali lake limenikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu jibu lake lina historia, na historia hiyo inaanzia mwaka 1972.

Mwaka 1970 na 1971 Porsche walishinda Le Mans kwa gari lao la 917. Kuanzia 1972 kanuni za ubingwa wa dunia zikayafungia nje magari ya aina hiyo kwa kuwekea injini kikomo cha lita 3. Porsche wakaligeukia gari lao la barabarani, 911, na kuamua kulitengeneza upya kwa ajili ya mbio. Hapo wakakutana na kanuni nyingine: ukitaka gari lako likubaliwe kwenye kundi la magari maalum ya GT, lazima utengeneze angalau 500 kama hilo na kuwauzia watu. Yaani gari la mashindano ilibidi kwanza lipate wateja wa kawaida, wenye familia na mizigo ya sokoni.

Ndipo ikazaliwa 911 Carrera RS 2.7. Injini lita 2.7, nguvu farasi 210, na nyuma kibawa kidogo kilichopinda ambacho Wajerumani wenyewe walikifananisha na mkia wa bata. Watu wa mauzo pale kiwandani walikuwa na wasiwasi mkubwa. Nani atanunua gari kavu namna ile, tena kwa Mark 34,000? Likaonyeshwa Paris Oktoba 1972. Kufikia mwisho wa Novemba yote 500 yalikuwa yameshapata wenyewe! Ikabidi waendelee kutengeneza, na hadi uzalishaji unafungwa Julai 1973 yalikuwa yametoka 1,580.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Ili gari likubaliwe kuwa jepesi kwenye karatasi za mashindano, lilipimwa likiwa tupu karibu kabisa. Baada ya mizani ndipo mteja alipoulizwa: unataka lipi? Kulikuwa na kifurushi namba M471, kilichoitwa Sport, na kifurushi namba M472, kilichoitwa Touring. Ukichukua Touring ulilipa Mark 2,500 za ziada ukarudishiwa starehe za 911 ya kawaida: viti vizuri, mazulia, viti vya nyuma. Ukichukua Sport ulilipa Mark 700 za ziada, na ulichopata ni gari lisilo na viti vya nyuma, lisilo na mazulia, lisilo na sehemu za kuegemeza mkono, lisilo na saa. Hata saa! Mahali pa saa palizibwa tu.

Rudia kusoma kama hujaamini. Mtu alitoa Mark 700 juu ya bei ili apewe gari pungufu.

Lakini hakuwa mwendawazimu. Sport ilikuwa na kilo 960, Touring kilo 1,075. Tofauti hiyo ya kilo 115 ni mifuko miwili ya saruji na mtoto wa chekechea aliyekaa juu yake. Kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, Sport ilitumia sekunde 5.8, Touring 6.3. Injini ni ile ile.

Na wateja walichagua nini? Kati ya magari 1,580, Touring ni 1,308. Sport ni 200 tu. Mengine 55 yalikuwa RSR ya mashindano halisi, na 17 yakabaki katika hali ile tupu ya kwenye mizani. Kwa maneno mengine, walio wengi walitaka jina la gari la mbio na zulia miguuni. Mimi siwacheki. Ningekuwa na safari ya saa sita na mke pembeni, ningelipa hizo 2,500 bila kuuliza.

Magari haya yalishinda huko duniani: RSR ilichukua saa 24 za Daytona na Targa Florio, yote mwaka 1973. Huku kwetu mambo yalikuwa magumu zaidi. Mwaka 1974, katika East African Safari Rally, Msweden Björn Waldegård alileta Carrera RS na kumaliza wa pili. Aliyemshinda ni Joginder Singh wa Kenya, akiwa na kigari cha Mitsubishi Lancer chenye injini ya lita 1.6! Porsche wakarudi tena 1978 na 911 SC zilizoinuliwa hadi sentimita 28 kutoka ardhini, wakapata nafasi ya pili na ya nne. Hawakuwahi kushinda Safari ile ya zamani. Naikumbusha hapa kwa sababu moja: gari lile lile ambalo Ulaya lilikuwa likivuliwa kila kitu, likifika kwenye tope letu liliongezewa. Gari haliongezewi wala kupunguziwa kitu bila kujua linakwenda wapi.

Miaka ikapita. Magari yakawa mtumba, halafu mtumba wa mtumba, na hapo soko likageuza hesabu yote. Ile Sport iliyokataliwa na walio wengi ndiyo inayotafutwa leo kama dhahabu. Zimewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 1 kwa moja. Touring ziko chini sana ya hapo, ingawa nazo si za mimi na wewe. Mark 700 za mwaka 1973 zimekuwa mamia ya maelfu ya dola.

Pesa ikishakuwa nyingi hivyo, wajanja hawakosi. Kuongeza kitu kwenye gari ni kazi, lakini kung’oa zulia anaweza hata mtoto. Toa viti vya nyuma, ziba tundu la saa, weka viti vyembamba, na Touring yako tayari inafanana na Sport. Ndiyo maana mnunuzi makini wa gari hili haanzi na macho. Anaanza na namba: ya bodi, ya injini, ya giaboksi, kisha anazilinganisha na kumbukumbu za kiwandani zinazosema gari lilitoka na kifurushi gani.

Hapa ndipo nilipomrudia rafiki yangu. Nilimwambia kwamba mnunuzi wa mtumba hachagui vikorombwezo. Vilishachaguliwa zamani na mtu asiyemjua, siku moja dukani, na yeye kazi yake ni kusoma uchaguzi wa mtu huyo. Katika Porsche za miongo hii kuna kibandiko chini ya boneti ya mbele, na kingine kama hicho katika kitabu cha huduma, chenye namba za kila kilichoongezwa kiwandani. Nenda kakisome kabla hujagusa usukani. Namba 220, kwa mfano, katika 911 za miaka ya 80 ni difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure. Haionekani kwa macho na haing’ai, lakini ukiingia kona ndiyo inayokusukuma utoke. Muuzaji wa kawaida atakuonyesha ngozi na redio, hiyo ataisahau.

Tukaja kwenye orodha yake. Ngozi: sawa, kama anaipenda, lakini asilipie bei ya dukani kitu kilichokaliwa karibu miaka ishirini. Dirisha la paa: hilo ni uzito ulioko juu kabisa, mahali pabaya kuliko pote, na ukishalikuta huwezi kuliondoa kwa sababu paa lilishakatwa.

Breki za kauri ndizo zilizonipa shida. Zilianza kwenye 911 GT2 ya mwaka 2001, na diski zake zina karibu nusu ya uzito wa zile za chuma. Kwa barabara ya kawaida zinaweza kudumu muda mrefu sana. Lakini kwenye uwanja wa mbio joto huzila, na kuzibadilisha ni gharama ya kumtoa mtu machozi. Wapo wanaonunua gari lenye kauri, wakazifungua, wakaziweka stoo kwa ajili ya siku ya kuuza, na kutembelea chuma. Tena uchakavu wake hupimwa kwa mizani: kila diski ina uzito wa chini ulioandikwa juu yake. Kwa hiyo nilimwambia, kama muuzaji hakubali diski zifunguliwe na kupimwa, hicho si kikorombwezo, ni deni lililofichwa nyuma ya rimu.

Na kile kijisaa? Hicho ni cha kifurushi kiitwacho Sport Chrono, kilichokuja kwenye 911 mwaka 2004. Kinabadilisha namna injini inavyoitikia mguu, sawa. Lakini nilicheka peke yangu. Mwaka 1973 wateja walilipa ili saa iondolewe, na gari likaitwa Sport. Miaka thelathini baadaye watoto wao wakalipa ili saa irudishwe, nalo likaitwa Sport vilevile.

Nikamshauri achukue ile kavu, na sehemu ya zile euro 6,000 aipeleke kwa fundi anayejua kuingiza kamera ndani ya silinda, maana injini za miaka hiyo zina tabia ya kuchubuka kuta za silinda, na ugonjwa huo hautibiwi na ngozi wala saa.

Jana kanitumia picha. Amechukua ile kavu. Kibandiko chake kina namba chache tu, na mojawapo ni 498. Nikamwambia akaangalie nyuma ya gari. Patupu, hakuna maandishi. Mwenye gari wa kwanza aliagiza jina la gari lisibandikwe.