Nani kasema "geuza"? Kutoka L59 hadi magari yasiyo na dereva

Bumu limechelewa na watu hawaongei kingine, ila leo naomba tuhame kidogo. Bwenini kumekuwa na ubishi kuhusu magari yanayojiendesha na kupeana habari kwa redio. Jamaa wa sayansi wakatuambia sisi wa historia tukae pembeni. Hapana bwana, kisa hiki kina mizizi huku kwetu.

Tuanze na barabara. Mliowahi kutoka Buhemba kwenda Musoma mnajua: dereva wa mbele akikuwashia taa mchana, trafiki yupo. Unamwamini kwa sababu unaliona gari lake, na anatokea hukohuko uendako. Redio inakunyima hilo jicho. Neno unalipata, msemaji humuoni.

Wakubwa wa Vita Kuu ya Kwanza walijua uzito wa neno la namna hiyo. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza, HMS Astraea, ilishambulia kituo cha redio cha Wajerumani Dar es Salaam. Juni 1915 Waingereza wakavuka Ziwa Victoria, ziwa letu hilihili, kutoka Kisumu hadi Bukoba. Shabaha yao kubwa ilikuwa mtambo wa redio, na waliuharibu.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 21 Novemba 1917 meli ya angani L59, aina ya Zeppelin, iliondoka Jamboli, Bulgaria, ikiongozwa na Ludwig Bockholt. Ilibeba tani 15 hivi za silaha, risasi, dawa na vifaa vya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa amebanwa kusini mwa nchi yetu. Zingefika, wapagazi wetu ndio wangezibeba kichwani. Tarehe 23, ikiwa juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, ikapokea amri kwa redio: rudi. Ikageuza. Ilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 hivi na karibu kilometa 6,800.

Nani alisema rudi? Baadaye Richard Meinertzhagen, afisa wa ujasusi wa Uingereza, alidai ujumbe ulikuwa wa Waingereza. Wanahistoria wengine wanasema amri ilitoka kwa Wajerumani wenyewe, walioamini kwamba mambo yameshaharibika huku. Lakini siku ileile L59 ilipotua, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji, akapigana mwaka mwingine mzima.

Hapo kuna maswali mawili: msemaji ni nani, na anachosema ni kweli?

Magari yanayoongea hutuma ujumbe kama mara 10 kwa sekunde: niko hapa, naenda kasi hii, nafunga breki. Marekani ilitenga masafa ya kazi hiyo tangu 1999. Swali la kwanza wahandisi wanalijibu kwa sahihi ya kidijitali. Kila ujumbe unatiwa sahihi kwa ufunguo wa siri, na hati maalumu inaonyesha kwamba mwenye sahihi anatambulika. Saa huandikwa humo ili ujumbe wa jana usirudiwe leo. Hati hubadilishwa mara kwa mara ili mtu asifuatiliwe safari zake, na gari likigundulika kuongopa, hati zake hufutwa.

Swali la pili ni gumu zaidi, kwa sababu msemaji halali naye anaweza kukosea. Kwa hiyo gari lilinganishe lilichoambiwa na linachoona lenyewe kwa kamera na rada.

Msidhani ni hofu ya bure. Mwaka 2015 Charlie Miller na Chris Valasek waliingilia Jeep Cherokee wakiwa mbali, kupitia mtandao wa simu, wakaizima nguvu ikiwa barabarani. Magari milioni 1.4 yakaitwa kurekebishwa.

Sisi magari yetu mengi yanakuja yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Siku mitumba inayoongea ikishuka bandarini Dar, nani atatoa hati zake, na nani atakuwa na uwezo wa kuzifuta? Hilo tuliulize mapema, kabla gari halijaambiwa "geuza" na mtu asiyejulikana pale mlimani.

Na sisi walimu watarajiwa tusidharau somo letu. "Nani kasema, na kajuaje?" ndilo swali tunalofundishwa kuuliza kila nyaraka. Jamaa wa sayansi, karibuni darasani.