Vijana wa Chini ya Msitu wa Ngorongoro

Ukiondoka Karatu mjini ukapanda kuelekea lango la Lodoare, mashamba yanakusindikiza njia nzima: mahindi, mbaazi, ngano, na juu zaidi kahawa. Halafu yanakatika ghafla na msitu unaanza. Hakuna vichaka vya katikati wala malisho ya kukutayarisha. Shamba linakomea mguuni pa mti mkubwa, na nyuma ya mti huo ni nchi ya nyati na tembo. Mpaka huo umenyooka kiasi kwamba kwenye picha za setilaiti unaonekana kama umechorwa kwa rula. Walioufanya hivyo, kwa kufyeka upande mmoja na kulinda upande wa pili, walikuwa kwa sehemu kubwa vijana. Kila kizazi kilipewa kazi yake kuhusu msitu huu. Vizazi vilivyoulizwa maoni yao ni vichache.

Jina lake rasmi ni Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, nao uko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Unafunika miteremko ya mashariki na kusini ya milima ya volkano iliyozimika, ukiwamo Oldeani wenye mianzi yake na Lolmalasin unaopita mita 3,600. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko hiyo ukiwa umebeba unyevu, ukapoa, ukageuka ukungu. Ndiyo maana asubuhi nyingi pembezoni mwa kreta huoni hatua ishirini mbele, na majani yanadondosha maji ingawa mvua haijanyesha. Upande huu mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Vuka milima, shuka upande wa Oldupai, utakuta tambarare ambako mvua ya mwaka mara nyingi haifiki nusu ya hiyo.

Maji hayo hayabaki juu. Udongo wa volkano una vinyweleo, unayanywa na kuyapitisha chini kwa chini, nayo huibuka mbali sana na yalikonyeshea. Chemchemi za Qangdend zinazonywesha mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, zinatokana na Oldeani. Msitu wa miti mirefu ulio langoni mwa Hifadhi ya Ziwa Manyara unaishi kwa maji ya chini ya ardhi yanayotoka nyanda hizo hizo, sawa na migomba na mpunga wa Mto wa Mbu. Mkulima wa kitunguu anaweza kumaliza maisha yake yote bila kuingia msituni hata siku moja, na bado ananywa maji yake kila siku.

Shule ya kwanza ya msitu huu haikuwa na ubao. Wamaasai, waliowasukuma Wadatoga kutoka nyanda hizi katika karne ya 19, walikuwa na orpul, na wengine wanayo hadi leo. Morani huchukua ng'ombe, huingia kwenye kichaka kilichojificha karibu na maji, huchinja, kisha hukaa huko siku nyingi wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa pamoja na magome na mizizi. Mkubwa humwonyesha mdogo mti huu ni wa homa, ule wa tumbo, huu wa kuamsha ujasiri. Huwezi kupika supu ile kama hutofautishi miti, na huwezi kurudi mwaka ujao kama umeimaliza. Tunapohesabu historia ya uhifadhi Tanzania huwa tunaanza na magavana na maprofesa. Mimi ningeanza na wale morani.

Kwa upande wa Karatu mambo yalikwenda vingine. Wairaqw walikuwa wamebanana kwenye vilima vya Kainam, Mbulu, ambako ufugaji wa zizini, samadi na kilimo cha kuzuia mmomonyoko viliwawezesha kulisha watu wengi kwenye eneo dogo. Katika karne ya 20 walianza kushuka na kusambaa kaskazini. Nchi ya Karatu ilikuwa na vichaka, na kwenye vichaka kulikuwa na mbung'o waliowaua ng'ombe. Serikali ya Waingereza ilihimiza ufyekaji, na nguvu kazi ilikuwa vijana wenye mashoka. Wakati huo huo walowezi, wengi wao Wajerumani waliorudi baada ya Vita vya Kwanza, walifungua mashamba ya kahawa Oldeani, wakiisogeza mistari ya mibuni hadi ukingoni mwa msitu. Kufikia miaka ya 1950 matrekta yalikuwa yakilima ngano katika tambarare za Karatu. Kijana aliyesifiwa wakati huo ni yule aliyeangusha miti mingi zaidi. Hakuwa mharibifu. Alikuwa anatafuta mahali pa kuishi, na serikali ilimwambia hivyo ndivyo nchi inavyojengwa.

Juu ya mlima, kizazi hicho hicho kilikuwa kinaambiwa kinyume chake. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai waliweka alama zao kwenye makubaliano ya kuiacha Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa hifadhi ya aina yake, kilomita za mraba zinazozidi 8,200, ambamo wanyamapori na wafugaji wangeishi pamoja. Wakazi walikuwa takriban 8,000. Baada ya Uhuru, Solomon ole Saibull akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza hifadhi hiyo. Kilimo kilipigwa marufuku ndani yake mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa muda mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1975 alikuwa na miaka 34 marufuku iliporudi: alikua akiwa mkosaji wa sheria kwa kushika jembe, akawa halali, akawa mkosaji tena, bila kuhama boma lake.

Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilipeleka miti shuleni. Kila shule ilikuwa na shamba, na nyingi zilikuwa na kitalu cha miche. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampeni ya Misitu ni Mali, iliyofuata nyayo za Mtu ni Afya na Chakula ni Uhai, iliwakusanya watu wazima na vijana kuzunguka redio kujadili miti. Mwaka 1980 ndipo vilipoanzishwa vilabu vya Malihai, miaka 12 baada ya majirani zetu wa Kenya kuanzisha vilabu vyao vya wanyamapori mashuleni. Vilabu hivyo viliwapa wanafunzi wengi wa kaskazini nafasi ya kwanza ya kumwona tembo kwa furaha. Hilo si jambo dogo Karatu, ambako mtoto wa mkulima humjua tembo kwa mahindi yaliyokanyagwa na kwa usiku wa kukesha shambani akipiga debe.

Mbegu nyingine ilitoka Oldupai. Mwaka 1957 msichana Mwingereza wa miaka 23, Jane Goodall, alikuja kuchimba mabaki ya kale katika bonde hilo pamoja na Louis na Mary Leakey. Miaka mitatu baadaye alikuwa Gombe akiwatazama sokwe. Mwaka 1991, nyumbani kwake Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walimfuata wakiwa na malalamiko: uvuvi wa baruti, ujangili, ukataji wa misitu, na watu wazima wasiochukua hatua. Kutoka kikao hicho kilizaliwa Roots & Shoots, mtandao wa vikundi vya vijana ambao leo uko katika nchi nyingi duniani. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Dunia inamkumbuka kwa sokwe. Nadhani kikao kile cha Dar kinastahili kukumbukwa vivyo hivyo, kwa sababu ajenda iliandikwa na vijana wa Kitanzania, naye akakubali kuifuata.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, haina mbwembwe. Udongo mweusi huchanganywa na mchanga na samadi iliyoiva, hujazwa kwenye viriba, viriba hupangwa kwa safu chini ya kivuli cha nyasi. Mbegu huloweshwa, husiwa kitaluni, miche ikitoa majani mawili matatu huhamishiwa kwenye viriba. Kisha ni kumwagilia asubuhi na jioni kwa miezi, kung'oa magugu kwa vidole, na kusogeza viriba ili mizizi isipenye ardhini. Kabla ya masika kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mche uzoee jua. Mgrivilia huvumilia haraka, ndiyo maana umejaa kwenye mipaka ya mashamba ya Karatu. Miti ya asili, kama mruka na mkuyu, inataka subira zaidi, nayo ndiyo ya kupandwa penye maji. Wanaojua huuweka mkaratusi mbali na chemchemi, kwa kuwa unakua upesi na kunywa upesi.

Nasikitika kusema kwamba mara nyingi kazi hiyo huishia siku ya kupanda. Serikali imeitaka kila halmashauri ipande miti 1,500,000 kwa mwaka, wageni rasmi huja, picha hupigwa, wanafunzi hupewa majembe. Ukifika kiangazi, mbuzi wameingia na hakuna anayejua mche ule ni wa nani. Vijana hawana uvivu wa kumwagilia. Mti umepandwa mahali ambapo hawana kauli, na watu waliokwisha kuondoka.

Tofauti niliyoiona ikifanya kazi iko kusini kidogo mwa Karatu, Babati, katika msitu wa miombo wa Duru-Haitemba. Ni hekta takriban 9,000, ukizungukwa na vijiji vya Wagorowa, ndugu wa Wairaqw kwa lugha na asili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa hifadhi. Mipaka ilianza kupimwa, na wanavijiji walifanya ambalo yeyote angefanya akijua mali yake inachukuliwa kesho: walikata haraka. Wakawaambia maofisa wazi kwamba hawautaki mpango huo. Basi maofisa misitu wakabadili swali, wakauliza: mkiachiwa wenyewe, mtautunzaje?

Vijiji vilijibu kwa sheria ndogo. Kila kijiji kilijigawia sehemu yake, kikaamua wapi pa kuchunga, wapi pa kuokota kuni, wapi pasiguswe kabisa. Mkaa ukakatazwa. Wakachaguliwa walinzi, wengi wao vijana wa hapo hapo, wakasamehewa kazi nyingine za kijiji kama malipo ya kuzunguka msituni. Kijana aliyejua kila njia ya panya ya wachoma mkaa, pengine kwa sababu alishaipita mwenyewe, ndiye aliyepewa kuifunga. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 msitu uliokuwa unaliwa ulianza kurudi. Mfano huo wa Babati ulisaidia kuzaa Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu ya 2002, ambazo zinaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake. Watu waje wajifunze kwetu jambo hili, tuna haki ya kujivunia.

Lakini msitu ulio juu ya Karatu si wa kijiji. Uko ndani ya Hifadhi, chini ya Mamlaka yake, na una sababu nzito za kulindwa hivyo. Kijana wa Rhotia au Oldeani anaruhusiwa kuupenda, hana kiti cha kuuamulia. Kwa kijana wa Kimaasai wa Nainokanoka jambo ni zito zaidi. Wakazi wa Hifadhi walikuwa wamepita 100,000 mwaka 2022, familia za kwanza zilipohamishiwa Msomera, Handeni. Serikali ilieleza kwamba wanahama kwa hiari, baadhi ya wakazi na watetezi wa haki za binadamu walipinga maelezo hayo. Vyovyote utakavyolitazama suala hilo, kumwambia kijana apande mti utakaokomaa baada ya miaka 30, wakati hajui kama mwakani atakuwapo, ni kumtaka imani ambayo sisi wengine hatujatakiwa kuitoa.

Na hali ya hewa haisubiri tumalize mabishano. Ukame wa 2021 na 2022 uliacha mizoga ya ng'ombe kaskazini yote. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaja kwa kishindo, na Desemba 3 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang likaua zaidi ya watu 80 Katesh na vijiji vya jirani. Karatu, yenye makorongo yanayozidi kupanuka kwenye mashamba ya ngano ya zamani, ilielewa mara moja.

Vikundi vya vijana vya sasa, kwa maoni yangu, vielekeze nguvu mahali ambapo sheria tayari imewafungulia mlango. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua jumuiya za watumia maji. Chemchemi na mito inayotoka msituni ikishavuka ule mpaka ulionyooka, inaingia kwenye ardhi ya vijiji, na sheria ndogo za kijiji hujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wa mkutano huo ni wakazi wote waliofikisha miaka 18.