Pauni Ilikufa Polepole. Dola Je?

Januari 2024 nilikuwa natajirika bila kufanya kitu. Pesa za video zangu huja kwa dola, na dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160. Mimi niliyeacha chuo, niliyekuwa naulizwa kila siku nitakula nini, nikawa nabadilisha dola mia moja napata karibu elfu kumi na sita. Wiki hiyo hiyo mamangu alikuwa analia juu ya bei ya mafuta ya kupikia. Sikuunganisha hayo mambo mawili.

Kufikia katikati ya mwaka, serikali ilikuwa imekopa upya ili ilipe deni la Eurobond, na dola ikashuka hadi 130 hivi. Kazi ni ile ile, lakini elfu tatu zimeenda. Hapo ndipo nikaanza kusoma historia ya pesa. Leo wacha niwape kidogo.

Kabla ya dola, mfalme alikuwa pauni. Shilingi ya Afrika Mashariki iliyokuja miaka ya 1920 ilifungwa kwake: shilingi 20, pauni moja. Bodi ya sarafu ilikaa London, na akiba iliyosimamia shilingi yetu ilikuwa huko huko, kwa pauni. Mzungu akikohoa, sisi tunashikwa na homa.

Na alikohoa. Uingereza ilitoka vita vya pili ikiwa na madeni hadi shingoni. Septemba 1949 ikaishusha pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80. Shilingi ikashuka nayo papo hapo. Kitu cha dola moja, ambacho jana kilikuwa kama shilingi 5, leo ni zaidi ya 7. Hakuna mkulima wa Nyeri wala kuli wa bandari ya Mombasa aliyeulizwa. Walishtukia tu.

Sasa ruka hadi Novemba 1967. Pauni inashushwa tena, kutoka 2.80 hadi 2.40. Lakini safari hii Kenya ina Benki Kuu yake, iliyoanza 1966. Kenya, Uganda na Tanzania zikakataa kushuka pamoja na pauni. Mimi hii sikufunzwa shule, na manze, nilijivunia.

Angalieni jambo lingine. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeupita wa Uingereza hata kabla ya 1900, lakini pauni ilichukua miaka mingine zaidi ya hamsini kuanguka. Kwa hivyo ukiona mtu kwenye simu yako anakwambia dola inakufa mwezi ujao, muulize anauza nini. Hata 1971, Nixon alipokatiza ahadi ya kubadilisha dola kwa dhahabu, watu waliitabiria kifo. Bado iko.

Lakini inapungua, huo ni ukweli. Mwaka 2000 dola ilikuwa zaidi ya asilimia 70 ya akiba ya benki kuu duniani. Siku hizi iko chini ya 60. Mwaka 2022 Marekani na wenzake walipozuia akiba ya Urusi ya takriban dola bilioni 300, nchi nyingi zilijiuliza: na sisi je? Benki kuu zikanunua dhahabu zaidi ya tani 1,000 kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo. Yuan ya China nayo? Kama asilimia 2 tu ya akiba.

Oktoba 2025 Hazina yetu ilitangaza kwamba mikopo ya SGR imegeuzwa kutoka dola hadi yuan. Wakasema tutaokoa milioni 215 kwa mwaka. Milioni 215 za nini? Za dola! Hata tukimkimbia mfalme, bado tunahesabu kwa rula yake.

Maoni yangu ni haya: kubadilisha mfalme si uhuru. Tukitoka kwa dola tuingie kwa yuan tukiwa na madeni yale yale, tutakuwa 1949 tena, tukingoja tangazo kutoka mji wa mbali. Cha maana ni kama tunaweza kusema hapana kama 1967. Hapana hiyo inahitaji akiba ya kutosha, vitu vya kuuza nje, na deni linalolipika.

Mimi bado nalipwa kwa dola. Lakini siku hizi dola ikipanda, kabla sijafurahi, nampigia mamangu kwanza nimuulize bei ya mafuta.