Gredi ya 1855 Ambayo Imekataa Kufutika

Wasee, kuna gredi zilitolewa mwaka 1855 na mpaka leo hazijafutika. Hazikupewa watu. Zilipewa mashamba ya mvinyo mwekundu ya Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa.

Mwaka huo Kaizari Napoleon III alikuwa na maonyesho makubwa jijini Paris. Bordeaux walitaka kupeleka mvinyo wao, kwa hivyo madalali wakaombwa orodha ya mashamba bora. Waliombwa mapema Aprili, na tarehe 18 karatasi ilikuwa tayari. Wiki mbili tu! Mimi insha moja ya chuo ilinichukua zaidi.

Walipima aje? Hawakuandaa mashindano ya kuonja. Waliangalia bei. Shamba lililozoea kuuza ghali lilipanda, la bei ya chini likashuka. Madaraja 5, na juu kabisa mashamba 4: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion.

Lakini bei haianguki kutoka mbinguni. Mwaka 1152 Eleanor wa Aquitaine aliolewa na Henry, ambaye miaka 2 baadaye akawa mfalme wa Uingereza. Bordeaux ikakaa chini ya wafalme hao karibu miaka 300, na wanywaji wa Uingereza wakawa wateja wakubwa. Halafu karne ya 17 Waholanzi wakakausha vinamasi vya Médoc, mizabibu ikaongezeka. Kwa hivyo jina hilo lilijengwa na ndoa, meli na mitaro, sio udongo peke yake.

Sasa angalia walioachwa. Isipokuwa Haut-Brion, mashamba yote ya mvinyo mwekundu kwenye orodha yalitoka Médoc. Pomerol na Saint-Émilion, ng'ambo ya mito, hayakuguswa kabisa. Leo Pétrus ya Pomerol ni kati ya mivinyo ghali zaidi duniani, na hiyo orodha haimjui.

Na Mouton? Iliwekwa daraja la pili. Baron Philippe de Rothschild alipigania hiyo gredi miaka na miaka, ikapandishwa 1973. Ni shamba hilo moja tu limewahi kupandishwa daraja.

Sisemi madalali walidanganya. Mvinyo wa juu ni mzuri kweli. Lakini fikiria: ukiwa juu unauza ghali, ukiuza ghali unapata pesa za kutunza shamba, ukilitunza unabaki juu. Gredi inajitimiza yenyewe. Aliye chini anaanza safari na mfuko mtupu.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kila sherehe ya familia shangazi ananitambulisha hivyo kabla hajataja jina langu. Simkasirikii, anasoma orodha aliyopewa. Ila nikikumbuka Mouton najiuliza: nipiganie kupandishwa daraja, ama niishi kama Pétrus, nje ya orodha kabisa?

Wewe je, gredi yako ilitolewa na nani, na alikuwa anapima nini?