Mteja wa Kwanza: Historia ya Masoko ya Elektroniki ya Asia

Masoko makubwa ya elektroniki ya Asia, yaani mitaa na majengo ambamo mamia ya wafanyabiashara wadogo huuza bidhaa za aina moja bega kwa bega, hufanana kwa sura lakini hutofautiana sana katika namna yanavyompokea mnunuzi. Tofauti hiyo haitokani na hulka ya taifa, kama wasimulizi wa safari wanavyopenda kudai, bali kwa kiasi kikubwa imerithiwa kutoka kwa wateja ambao kila soko lilianza kwa kuwahudumia.

Huko Tokyo, mara baada ya vita kumalizika mwaka 1945, wachuuzi walitandaza vipuri vya redio kando ya barabara za Kanda, vingi vikiwa masalio ya majeshi, na miongoni mwa wateja wao wakuu walikuwa wanafunzi wa chuo cha umeme kilichokuwa jirani, ambao waliunda redio kwa mikono yao na kuwauzia watu wasiozimudu zile za kiwandani. Mwaka 1949 utawala wa kijeshi wa Marekani uliamuru vibanda vya barabarani viondolewe, nao wachuuzi wakahamia chini ya reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, karibu na stesheni ya Akihabara. Humo vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili hupishana kwa taabu, na muuzaji huketi akiwa amezungukwa na visanduku vya swichi, kapasita na nyaya, kila kimoja kikiwa na bei yake iliyoandikwa, kwa kuwa anayefika hapo anajua anachokitaka na hahitaji kushawishiwa. Mtaa ulipogeukia televisheni na majokofu, na baadaye kompyuta, haukumtupa fundi huyo: mwaka 1976 kampuni ya NEC ilifungua katika jengo la Radio Kaikan mahali pa kuwasaidia wanunuzi wa TK-80, kompyuta iliyouzwa vipandevipande ili mnunuzi aiunganishe mwenyewe.

Seoul ilifuata njia nyingine. Wafanyabiashara wengi walioingia soko la Yongsan mwaka 1987 walitoka katika majengo ya Seun, ambako bidhaa zilizovuja kutoka kambi za Wamarekani ziliuzwa pasipo bei maalumu, na mauzo yao yalipowafikia watu wa majumbani wasiojua vipimo vya kompyuta, muuzaji alizoea kumuuliza mteja kwanza ameambiwa bei gani kwingineko, ili apime ujinga wake kabla ya kutaja yake. Nchini Singapore, ambako wapita njia ni wengi, baadhi ya maduka ya Sim Lim Square yalifika mbali zaidi, yakimtaka mtalii aliyekwisha kulipia simu aongeze fedha nyingi za dhamana ya matengenezo, mpaka bunge lilipoikaza sheria ya kumlinda mlaji mwaka 2016.

Huaqiangbei, mtaa wa Shenzhen ambako soko la SEG lilifunguliwa mwaka 1988, haukuanza kwa kumfikiria mlaji hata kidogo. Mteja wake alikuwa kiwanda kilichohitaji vipuri haraka, na ndiyo maana anayeuliza bei ya kipande kimoja hujibiwa kwa swali la idadi anayotaka, kisha tarakimu huonyeshwa kwenye kikokotoo, na kukagua ubora ni juu ya mnunuzi. Katika miaka ya 2000, kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilipouza chipu pamoja na programu iliyokwisha kuandaliwa, karakana ndogo za mji huo ziliweza kuunda simu za bei nafuu, nyingi za laini mbili, ambazo hazikuchelewa kujaa katika maduka ya Kariakoo na Nairobi.

Huku hazikuuzwa kwa fundi wala kwa kiwanda, bali kwa mlaji wa kawaida. Kwa kuwa baadhi yake zilikuwa bandia, Kenya ilizima simu za aina hiyo mwaka 2012, nayo Tanzania ikafanya hivyo usiku wa tarehe 16 Juni 2016, na tangu hapo mnunuzi wa Dar es Salaam alishauriwa abonyeze *#06# na kuituma namba ya utambulisho wa simu kwenda 15090 kabla hajalipa, akijifanyia mwenyewe ukaguzi ambao mnunuzi wa jumla wa Shenzhen aliuona tangu mwanzo kuwa ni sehemu ya kazi yake.