Paka Asiyejua Kiingereza

Mwaka 1999 mtaa wetu wa Tandika ulikuwa na televisheni tatu ambazo sisi watoto tulizijua kwa uhakika. Moja ilikuwa ya mzee wa duka, naye hakutaka hata kukuona kibarazani kwake. Ya pili ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, inatumia betri ya gari, na mwenyewe aliiwasha wakati wa taarifa ya habari tu ili betri isiishe. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ya umma. Mama mwenye nyumba hiyo mchana aliuza barafu, jioni alitoza shilingi hamsini kila mtoto anayetaka kukaa kwenye mkeka wake. Ukiwa huna hamsini unakwenda dirishani kupiga chabo. Mimi, niseme ukweli, nilikuwa mtu wa dirishani.

Ukiwa dirishani husikii kitu. Kuna feni, kuna kelele za waliolipa, kuna mtu anayepiga kelele juu ya bati kwamba "bado chenga?" huku akizungusha antena iliyofungwa kwenye mwanzi. Lakini Tom na Jerry walipoanza, sikupungukiwa na kitu. Tom alipigwa na pasi usoni na uso ukachukua umbo la pasi, nikacheka sekunde ileile aliyocheka mtoto wa mbele kabisa mwenye hamsini yake. Wakati ule niliona ni kawaida tu.

Siku hizi watu wa rika langu wakikutana, hasa wakiwa na watoto, lazima yatokee mazungumzo ya katuni. Za zamani zilikuwa katuni, za sasa hazina maana. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa zimechorwa kwa kompyuta, zina rangi kali mno, zinamfanya mtoto awe mkaidi. Baadhi ya hayo ni uzee unaotunyemelea. Kila kizazi kinasema muziki wa ujana wake ndio ulikuwa muziki. Hata hivyo naamini kuna kitu cha kweli tulichopoteza, na hakihusiani sana na kompyuta. Kinahusiana na maneno.

Kwanza tukumbuke tulivyochelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu nusu ya kwanza ya miaka ya 1970. Huku Bara serikali ya Mwalimu iliiona ni anasa kwa nchi ambayo vijiji vyake havina maji, na hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Tukakaa na redio hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, ITV ikiwa mojawapo. Televisheni ya Taifa, TVT, ilikuja 2000. Kwa hiyo sisi tuliozaliwa karibu na 1990 ndio watoto wa kwanza wa Bara kukua na televisheni nyumbani, au tuseme nyumbani kwa jirani. Kwetu kila kitu kilikuwa kipya. Hatukujua kwamba yule paka na yule panya walikuwa wakubwa kuliko baba zetu.

Tom na Jerry walitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1940, katika studio ya MGM kule Marekani. Waliowabuni ni William Hanna na Joseph Barbera. Katika filamu ile ya kwanza paka hakuitwa Tom, aliitwa Jasper. Hadi 1958 walikuwa wametoa filamu fupi 114, nyingi za dakika saba hivi, na 7 kati ya hizo zilipata tuzo ya Oscar. Zilitengenezwa zionyeshwe katika majumba ya sinema, kabla ya picha kubwa, kwa watu wazima na watoto pamoja. Kwa hiyo studio ilikuwa tayari kulipia kazi. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, dakika saba zina zaidi ya picha 10,000, na sehemu kubwa ya mwendo ule ilichorwa kwa mkono. Ndiyo maana Tom akikanyaga sabuni unauona mwili mzima ukiteleza, kuanzia kisigino hadi ncha ya mkia.

Muziki nao ulifanya kazi ya mdomo. Mtunzi wake, Scott Bradley, aliuandika ukifuata hatua kwa hatua. Panya akinyata, ala inanyata naye. Akidondoka, ngoma inadondoka. Na ule ukelele wa Tom akibanwa mkia, ukelele uliokuwa unavuka hadi nyumba ya tatu pale Tandika, ni sauti ya Hanna mwenyewe. Kati ya vichache nilivyovisikia nikiwa dirishani, huo ulikuwemo.

Sasa linganisha na kibanda umiza. Kila mtaa wa Temeke na Kinondoni ulikuwa na kibanda chake: mabenchi, pazia jeusi mlangoni, joto la kufa mtu, deki moja na spika mbili. Huko ilikuwa picha za Kichina, za Kihindi, za Kimarekani. Nani alikuwa anaelewa? Shule ya msingi tulisoma kwa Kiswahili na Kiingereza kilikuwa somo moja tu, tena la kuogopa. Ndipo wakapata kazi wale watafsiri wa picha, Lufufu na DJ Mark miongoni mwao, waliokuwa wanaweka sauti yao juu ya mkanda, wanaeleza, wanatania, wanaongeza chumvi. Hao kwangu ni wasanii kamili na ipo siku nitawaandikia makala yao. Lakini sijawahi kuona mkanda wa Tom na Jerry uliotafsiriwa. Atafsiri nini? Pale kwenye mkeka kulikuwa na mtoto wa mwalimu, kulikuwa na mtoto wa mama ntilie, na mmoja aliyeacha shule darasa la nne akawa anabeba mizigo stendi. Wote walikuwa wanajua lugha ya paka kwa kiwango kimoja.

Ubishi wetu pekee ulikuwa kuhusu steringi. Steringi hafi, hiyo ni sheria ya kibandani. Tom na Jerry wote hawafi. Basi steringi nani? Wengi tulisema Jerry, kwa sababu tulikuwa tumeshamjua kwenye hadithi za bibi: ni sungura yuleyule anayemzungusha fisi. Mimi nilikuwa namwonea Tom huruma, na niliwahi kusukumwa kwa msimamo huo.

Kuna kitu kimoja nisichoweza kukipita nikijidai ni kumbukumbu tamu tu. Yule mama wa ndani ya nyumba. Mnamkumbuka: miguu, soksi zilizoporomoka, sketi, ufagio, hauoni kichwa. Sisi tulimwona ni mama tu, mkali kama mama yeyote wa Tandika mwenye paka mzembe. Nimekuja kujua ukubwani kwamba alikuwa ni mhusika mtumishi Mweusi, aliyechorwa kwa mzaha uleule uliokuwa unawachora Wamarekani Weusi miaka hiyo, na sauti yake ilitolewa na mwigizaji Lillian Randolph. Watu Weusi wa Marekani walilalamika tangu zamani hizo. Miaka ya 1960, filamu zile zilipopelekwa kwenye televisheni, baadhi zilichorwa upya na mahali pake akawekwa mwanamke Mzungu. Na zipo nyingine ambazo bomu likilipuka Tom anatokea na uso mweusi, midomo minene, na hapo ndipo ulipotakiwa kucheka. Tukacheka. Watoto weusi arobaini kwenye mkeka wa Tandika, na hakuna aliyeuliza mbona yule mama hana uso.

Kwa hiyo ninapozisifu katuni zile sisemi zilikuwa safi. Nasema zilikuwa wazi kwa kila mtu, uchafu wake ukiwemo.

Halafu nini kilibadilika? Hela. MGM waliifunga studio yao ya katuni mwaka 1957, na Hanna na Barbera wakahamia kutengeneza katuni za televisheni. Televisheni ilitaka vipindi vingi kwa pesa ndogo. Wakaja na ujanja: mwili unasimama, mdomo peke yake unafunguka na kufunga. Mtu anakimbia, lakini ukitazama vizuri nyuma yake unaona mti uleule na dirisha lilelile vikipita mara nane. The Flintstones ya 1960 na Scooby-Doo ya 1969 zimejengwa hivyo. Kama mwili hautembei, lazima kitu kingine kibebe hadithi, na kitu hicho ni maneno. Chuck Jones, mchoraji mkubwa wa enzi ile, alizibeza akisema ni redio iliyotiwa picha. Watu wale wale wawili waliotupa katuni isiyohitaji lugha ndio waliokuja kuifundisha katuni kuongea kutwa nzima. Siwalaumu, walikuwa na mishahara ya kulipa.

Kwa mtoto wa Marekani badiliko hilo halikuwa kubwa sana, maana lugha ni yake. Kwetu ulikuwa mlango unafungwa. Nakumbuka mkanda wa The Lion King, picha ya 1994, ulipofika mtaani. Tulijisikia wafalme: Simba anaitwa Simba, nyani anaitwa Rafiki, na kuna hakuna matata humo ndani. Rafiki yangu mmoja wa Yanga alikataa kabisa kumshangilia Simba, akawa upande wa Scar hadi mwisho. Lakini majina yakishapita, wanaongea. Wanaongea sana. Tukawa tunasubiri wimbo na mapigano. Picha iliyojaa Kiswahili chetu, na sisi ndio tusioielewa.

Kinondoni nayo ina kisa chake. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka Tunduru, alianza kuchora wanyama kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya mbao na kuwauzia Wazungu wa Oysterbay. Alifariki 1972 kwa risasi ya polisi, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo ukipita Oysterbay utakuta chui wao wa madoa na ndege wao wa shingo ndefu. Mwaka 2010 ikatoka katuni kwa staili hiyo na kwa jina hilo, Tinga Tinga Tales, vipindi 52. Ilitengenezwa Nairobi na vijana wa Kenya pamoja na kampuni ya Uingereza, na ilianza kuonyeshwa CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC. Ni nzuri, sitaki kudanganya. Kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini kobe ana gamba lililopasuka: ngano zetu hizo. Ila mara ya kwanza nilipoitazama niliona michoro ya Msasani ikiongea Kiingereza, nikacheka peke yangu, cheko ambalo si la furaha.

Januari 2014 ndipo mambo yalipogeuka kidogo. Ubongo Kids ilianza TBC1, imetengenezwa hapahapa Dar es Salaam, kwa Kiswahili, inafundisha hesabu kwa nyimbo. Baadaye ikaja Akili and Me ya watoto wadogo zaidi, na sasa wanatazamwa nchi nyingi za Afrika. Ukimsikia mtoto wa Mbagala anaimba kuhusu sehemu na asilimia huku anachota maji, huwezi kusema katuni za siku hizi hazina maana. Lalamiko langu kwao ni moja tu, na ni la mpenzi: zinafundisha kila wakati. Hakuna kipindi ambacho mtu anadondokewa na kabati bila sababu yoyote ya kielimu. Naelewa kwamba si rahisi kumpata mfadhili wa kabati linalodondoka. Lakini mtoto naye anastahili upuuzi wa lugha yake.

Na wakati huohuo njia za kutazama zikahama. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, TV za chogo zikabaki chenga tupu mpaka ununue king'amuzi. Chaneli za katuni saa 24 zikawa kwenye vifurushi vya kulipia. Halafu simu. Dirisha la kupigia chabo halipo tena, kila mtu na kioo chake.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa dada yangu, Mbagala. Mwanawe, miaka saba, anasoma shule ya "English medium". Rafiki yake wa nyumba ya pili, umri uleule, anasoma shule ya serikali. Walikuwa wamekaa kwenye kochi, simu ya dada katikati, wanatazama katuni mojawapo ya hizi za mbwa wanaoongea haraka. Nikakaa pembeni nikiwatazama wao. Mpwa wangu alikuwa anacheka. Rafiki yake alikuwa hatazami simu. Alikuwa anatazama uso wa mwenzake, na mwenzake akicheka, na yeye anacheka, amechelewa kidogo. Nilivumilia kama dakika kumi.

Nikaomba simu, nikatafuta ile ya pasi. Haikupatikana, nikafungua nyingine ya miaka ya 1940, jikoni, usiku, jibini mezani. Dakika ya kwanza walinung'unika kwamba picha ni ya kizee. Ya pili wakanyamaza. Mkia wa Tom ulipoingia kwenye mtego, wote wawili walijitupa nyuma kwa pamoja na simu ikaanguka chini.

Niliiokota, nikafuta vumbi, nikawarudishia. Yule wa nyumba ya pili akaisogeza karibu na macho, ufagio ukiwa ndiyo unaingia mlangoni.

"Anko," akasema, "huyu mama mbona hawamwonyeshi uso?"